Kwenda Kilwa Peke Yako Bila Haraka: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huijua Kilwa kama jina la barabara inayopita Mtoni kwa Azizi Ali na Mbagala, yenye foleni ya daladala na malori ya mchanga, na hawana sababu ya kufikiria mahali inapoelekea. Wachache wanaofika huko huenda kwa makundi: wanavuka kwenda kisiwani asubuhi, wanapelekwa mbio kutoka gofu moja hadi jingine, wanapiga picha ya pamoja mbele ya msikiti, na adhuhuri inawakuta wamekwisha kurudi gatini. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda peke yake, mwenye siku nne au tano za kutumia. Kwa maoni yangu, anayevuka kwenda Kilwa Kisiwani mara moja tu katika safari yake ameona nusu ya mji, na nusu hiyo ameiona juani. Kwa hiyo mpango wote unaofuata umejengwa juu ya jambo moja: vuka mara mbili, katika siku mbili tofauti, na siku ya katikati iache kwa ajili ya Kivinje au kwa ajili ya kutofanya lolote.

Kilwa ziko tatu, na anayezichanganya hujikuta ameshuka mahali pasipo pake. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale, mji wa masultani, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na magofu ya Songo Mnara, kisiwa jirani. Kilwa Kivinje, iliyoko bara upande wa kaskazini, ilikua katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Kilwa Masoko ni makao makuu ya wilaya, na ndipo utakapolala, utakapokula na utakapopandia chombo.

Anzia Makumbusho ya Taifa

Hatua ya kwanza haihitaji basi. Tenga asubuhi moja uende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukatazame vitu vilivyofukuliwa Kilwa: vigae vya kauri kutoka China, vyombo vya udongo vya wenyeji, na sarafu ndogo za shaba zilizotengenezwa na masultani wenyewe. Vitu hivi ndivyo vinavyokosekana kwenye magofu. Ukiwa kisiwani utaona kuta bila vyombo, na akili iliyokwisha kuona sahani na sarafu huujaza ukumbi mtupu kwa urahisi zaidi. Sarafu hizo zitazame kwa makini, kwani mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wanahistoria wanabishana zilifikaje huko.

Jambo la kulielewa kabla ya kusafiri ni kwa nini mji mkubwa namna ile ulisimama pale. Majahazi kutoka Uarabuni na India yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa umbali ambao nahodha angeweza kuufikia na bado akawahi kurudi kwao katika msimu uleule. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe na kushuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa waliposhika biashara ya Sofala, mfanyabiashara aliyetaka dhahabu hakuwa na njia ya kuwakwepa. Utajiri huo ndio uliojenga karibu kila kitu kikubwa utakachokiona.

Kuchagua majira, na hasa kuchagua maji

Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mvua za kusini si za kuchezea: Mei 2024, kufuatia Kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya kusini ilikatika katika maeneo ya Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu na hewa ni ya kuvumilika. Januari na Februari pia yanafaa, ila joto la magofu yasiyo na paa humchosha hata aliyezaliwa pwani. Ukienda katika mwezi wa Ramadhani, fahamu kwamba migahawa mingi haipiki mchana, na kula au kunywa barabarani ni kukosa adabu; usiku, kwa upande mwingine, mji huchangamka kuliko mwezi mwingine wowote.

Wasafiri wengi huishia hapo katika kupanga tarehe, na wanasahau bahari. Katika mwambao wetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, wakati uleule ambao mgeni anataka kushuka kisiwani. Matokeo yake ni chombo kukwama mbali na wewe kutembea kwenye matope na mawe yenye ncha kali huku umeshika viatu mkononi. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji huwa yamejaa karibu na saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Mtu asiye na haraka achague wiki ya maji mafu. Kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha kukuonyesha: tarehe za mwanzo na za katikati ya mwezi ni za bamvua, na tarehe ya saba au ya nane, na ile ya 22 au ya 23, ziko jirani na maji mafu.

Safari ya basi

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Mabasi ya kusini huondoka alfajiri kwa kupitia Mbagala, na unapokata tiketi uliza mambo mawili: kituo hasa cha kupandia, na kama basi linaingia Kilwa Masoko au linapita tu kuelekea Lindi na Mtwara. La namna ya pili litakushusha Nangurukuru, kwenye njia panda, ambapo daladala na bajaji hukupeleka Masoko, mwendo wa kilomita 30 hivi. Hakuna ubaya katika kushuka Nangurukuru ilimradi ufike mchana.

Chagua kiti cha kulia, kwa kuwa jua la asubuhi litakuwa upande wa kushoto kwa muda mrefu wa safari. Baada ya Mkuranga na mikorosho yake, Kibiti na Ikwiriri, utavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivushwa kwa kivuko, na wazee wa kusini bado wanakumbuka kulala njiani wakisubiri zamu. Kipande cha kati ya Ndundu na Somanga, kilomita 60, kilikuwa cha mwisho kupata lami, na kwa miaka mingi ndicho kilichofanya Kilwa ionekane iko mbali kuliko Mbeya.

Kufika Masoko na kupata kibali

Nyumba za kulala wageni ziko za aina mbili: zile za mjini, karibu na soko na stendi, ambazo ni za bei nafuu, na zile za ufukweni Jimbizi, ambazo ni ghali kidogo lakini zina upepo. Mtu aliye peke yake ningemshauri alale mjini usiku wa kwanza, auone mji, kisha aamue. Kagua chandarua kabla ya kulipa, uone kama kina matundu, maana mbu wa Kilwa hawana mzaha. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kivinje, si Masoko. Ni vizuri kulijua hilo mapema, ukiwa mzima.

Siku hiyohiyo ya kufika, kabla ofisi hazijafungwa, nenda kwa wasimamizi wa magofu. Eneo hilo sasa liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na hakuna anayeruhusiwa kuzunguka magofu bila kulipa kiingilio na kuandikishwa. Chukua kitambulisho cha Taifa, kwa kuwa kiwango cha raia na cha mgeni wa nje havilingani hata kidogo. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, kupitia simu au benki, kwa hiyo hakikisha simu ina salio la kutosha. Pesa taslimu, hasa noti ndogo, zihifadhi kwa ajili ya chombo, mwongozaji, madafu na chakula cha kisiwani, ambako chenji ni adimu.

Elezea mapema kabisa kwamba utavuka siku mbili na kwamba hutaki kukimbizwa, na uulize kama kiingilio kitalipwa mara moja au kwa kila siku. Mwongozaji aliyezoea makundi hupanga ziara ya saa mbili au tatu, na si haki kumtaka akae nawe kutwa nzima kwa malipo ya saa hizo. Mlipe muda wake, mkubaliane kiasi mbele ya mtu wa ofisini, na utapata mtu anayekaa kimya pale unapotaka kukaa kimya.

Mvuko wa kwanza: Gereza na Msikiti Mkuu

Kutoka gati la Masoko hadi kisiwani ni kilomita mbili hivi. Unaweza kukodi chombo peke yako, au kupanda boti ya abiria pamoja na wenyeji wanaotoka sokoni na mafurushi yao. Ya pili ni nafuu mno, na mazungumzo yake yana thamani, ila haina saa maalumu ya kurudi. Ukikodi, patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, na dai jaketi la kujiokolea kabla ya kupanda, si mkiwa katikati ya maji.

Wasalimie watu unaposhuka. Kisiwani ni kijiji chenye watoto, visima, msikiti unaosaliwa na watu wenye shughuli zao, na magofu yako uani mwao. Mwanamume avae suruali ndefu, na mwanamke awe na kanga au mtandio. Bibi atakayeitikia shikamoo yako kwa "Marahaba, mwanangu" huenda akaendelea na swali ambalo msafiri wa peke yake ataulizwa kila mahali: "Umekuja na nani?" Jibu lolote la ukweli, lililosemwa kwa heshima, linatosha. Dada anayesafiri peke yake ataulizwa mara nyingi zaidi, na mara nyingi swali hilo hufuatwa na mkeka, maji ya kunywa na kukaribishwa barazani.

Gofu la kwanza karibu na maji ni Gereza. Wareno waliivamia Kilwa Julai 1505 chini ya Francisco d'Almeida, wakapora mji na kujenga ngome, kisha wakaondoka mwaka 1512. Ngome inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya wakati wa Waomani, iliyojengwa upya juu ya mabaki ya ile ya awali. Mawimbi yamekula upande wa baharini, na mmomonyoko huo ulikuwa miongoni mwa sababu za Kilwa kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014. Usikae sana hapa, maana saa zako zinahitajika mbele.

Msikiti Mkuu upe saa mbili kamili. Ingia kwanza katika ukumbi mdogo wa kaskazini, wenye mihrabu, ambao ndio wa kale zaidi, wa karne ya 11 hadi ya 12. Kisha rudi nyuma uingie upande wa kusini, ulioongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman na kujengwa upya katika karne ya 15, ambapo nguzo zimepangana na kubeba matao na kuba. Unapohama kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine unahama pia kutoka mji wa wafanyabiashara wachache hadi mji uliokuwa na fedha za kujionyesha. Msafiri maarufu Ibn Battuta, kutoka Morocco, alifika hapa mwaka 1331, wakati wa sultani huyohuyo, na aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote na iliyojengwa vizuri.

Kisha sogelea ukuta hadi uweze kuona chembe zake. Sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe yaliyovunjwa na kushikamanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya kuni mpaka yakawa unga. Lakini kwenye mihrabu na fremu za milango utaona jiwe tofauti, laini na lenye vitundu vidogo vilivyopangana: hayo ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Paa bapa zilikaa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko hautoi boriti ndefu, vyumba vya nyumba za kale vina upana wa mita mbili na nusu hivi na urefu wowote ule. Pima kwa hatua chumba chochote chenye umbo la ushoroba na utaona jinsi mti mmoja ulivyoamua maisha ya ndani ya mji mzima. Ndiyo maana kuba za msikiti zilikuwa jambo kubwa: kwa mawe na chokaa, fundi alijikomboa kutoka kwenye boriti.

Msikiti mdogo wa kuba, ulio karibu, umesalia katika hali nzuri kuliko majengo mengi ya hapo. Malizia siku hapo, urudi Masoko ule.

Onyo moja kabla ya kuvuka kurudi. Utaona vigae vya kauri na shanga ardhini, hasa baada ya mvua. Viache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuvichukua, na kigae kilichotolewa mahali pake hakiwezi tena kumweleza mtafiti lolote. Hata Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliusoma umri wa mji kwa kufuata tabaka za vigae vya namna hiyo.

Siku ya katikati: Kivinje

Daladala kutoka Masoko hukufikisha Kivinje kwa muda mfupi. Hapa hakuna mlango wa kiingilio. Ni mji unaoishi ndani ya nyumba zake za kale, nyingine zikiwa na milango ya nakshi na nyingine zikiwa zimebaki kuta zenye mti ndani. Boma la Wajerumani liko mbele ya bahari. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, na watu waliofika wamefungwa walisafirishwa kwenda Zanzibar na kwingineko. Tembea hadi Mwembe Kinyonga, mahali panapokumbukwa kwa watu walionyongwa na Wajerumani: Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi wa upinzani, aliuawa mwaka 1895, na miaka kumi baadaye Vita vya Maji Maji vilianzia katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya mwambao huuhuu. Ukimaliza, kaa sokoni kwenye samaki, unywe kahawa chungu na kashata. Kivinje haihitaji zaidi ya nusu siku, lakini usiiruke.

Mvuko wa pili: Husuni Kubwa na Makutani

Husuni Kubwa iko mashariki, mbali kidogo na magofu mengine, na makundi mengi huifikia yakiwa yamechoka au hayaifikii kabisa. Maji yakiwa yamekupwa hupitika kwa kufuata ufukwe. Yakiwa yamejaa kuna njia ya ndani iliyo ndefu kidogo. Anza nayo, alfajiri, kabla ya jua kuwa kali.

Ni jumba la kifalme la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100, lililojengwa juu ya jabali na halikuwahi kukamilika. Upande wa kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, ambao unaaminika kuwa ulitumika kwa bidhaa. Upande wa bahari kuna bwawa la kuogelea lenye pembe nane, na kila upande wake una kingo zilizochongwa kwa uangalifu. Kaa kwenye ukingo huo. Kisha fikiria kwamba kisiwa hiki kilitegemea visima, na kwamba maji ya kulijaza bwawa hilo yalipandishwa juu ya jabali na watu. Utaelewa nguvu za sultani huyo kuliko kwa kusoma orodha ya wafalme. Ngazi zinateremka kuelekea majini, na bila shaka wageni wa mfalme walipanda kwa njia hiyo. Husuni Ndogo, iliyo jirani, ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara, itazame ukipita.

Rudi magharibi hadi Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18, wakati Kilwa ilipoinuka tena. Ukubwa wa kuta zake unapendeza, lakini kilichouinua mji safari hii kilikuwa biashara ya binadamu: mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifunga mkataba na Morice, mfanyabiashara Mfaransa, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Waongozaji wengine hupita haraka kwenye habari hii. Iulizie, maana Kivinje ya jana yake haieleweki bila Makutani.

Songo Mnara, na kurudi

Songo Mnara ina nyumba za mawe za karne ya 14 na ya 15 zilizosalia vizuri, lakini njia ya majini ni ndefu, na gharama ya chombo kwa mtu mmoja ni kubwa. Ningeiacha kwa safari nyingine, isipokuwa ukipata wenzako wawili watatu mahali unapolala na upepo wa kusi ukiwa umetulia.

Tiketi ya kurudi ikate jioni iliyotangulia, kwa sababu mabasi yanayotoka Mtwara na Lindi hupita Nangurukuru yakiwa yamejaa, na mtu anayengoja njia panda bila nafasi anaweza kusimama hadi Ikwiriri. Basi linaloanzia Masoko ndilo la uhakika, nalo huondoka alfajiri mno, basi mwambie mwenye nyumba akuamshe na umtafute wa bajaji usiku huohuo. Safari hii kaa kushoto. Korosho zinunue Kilwa, maana zile wanazokuuzia dirishani basi linaposimama njiani hutapata nafasi ya kuzionja kwanza.